Jenereta Isiyokunywa Petroli

Kabla hamjaanza kunicheka, ninyi mnaoingia karakana na simu zenye akili kuliko maabara yangu nzima, niwaambie kwamba nimekwisha chekwa na watu wanaojua kazi hiyo. Nimechekwa na ofisa wa forodha pale Busia mbele ya foleni ya wafanyabiashara. Nimechekwa na mama mmoja wa Paya aliyeketi kwenye kigoda chake akinitazama ninavyoharibu karanga zake. Kwa hiyo chekeni, lakini kalamu iwe mkononi.

Jina langu ni Athieno. Kwa miaka thelathini na kitu nilikuwa fundi wa maabara ya elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi hapa Tororo, ambacho sikitaji kwa sababu bado nala pensheni yake. Wanafunzi waliniita Madam Mapigo. Wageni waliosikia jina hilo walidhani nachapa watu, na mume wangu alionewa huruma nyingi asiyoistahili. Ukweli ni kwamba nilitunza mashine ya mapigo. Ni sanduku la chuma la rangi ya kijivu, zito kama mbuzi aliyeshiba, lenye nobu tisa za kuzungusha, na kazi yake ni kutoa mapigo mafupi ya umeme, moja baada ya jingine, kwa mwendo na upana unaoutaka wewe. Unaliingiza pigo kwenye saketi, halafu unatazama kwenye skopu, ile mashine ya kioo inayochora umeme kwa mstari wa kijani, uone pigo limetoka zima au limetoka likichechemea. Basi. Kazi hiyo ilinisomeshea watoto wanne.

Mashine yenyewe tuliitoa Kenya, kwenye maabara iliyokuwa inafungwa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Nilikwenda na mkubwa wangu, Mzee Okiru, Mteso mrefu aliyevaa koti la maabara hata sokoni, na ambaye kila alichokifundisha alikigonga mezani kwa mpini wa bisibisi. Tulipofika Busia upande wa Kenya tulitafuta baiskeli ya kuvusha mzigo, maana kati ya geti na geti palikuwa na mwendo. Tukampata Wandera, Msamia mwembamba mwenye miguu ya chuma. Wandera hakuuliza mtu anakwenda wapi, kwa kuwa wote walikuwa wanakwenda mahali pamoja. Aliuliza hivi: "Boda, ama boda-boda?" Kwa hesabu yake, boda ni kwenda, na boda-boda ni kwenda na kurudi. Ukimwambia kwamba neno hilo halikuanza hivyo, alikushusha hapo hapo ukatembea.

Upande wa Uganda tulikutana na ofisa mmoja mnene, mpole, mwenye muda mwingi. Mzee Okiru alikuwa ameandika kwenye fomu: jenereta ya mapigo. Ofisa akalizunguka sanduku mara mbili, akainama, akatazama nyuma.

"Hii jenereta nakunywa petroli ama dizeli?"

"Hapana kunywa, afande," Mzee akasema. "Hii nakula stima."

"Jenereta nakula stima?"

"Ndiyo, afande."

Yule ofisa akawaita wenzake. "Kuja muone! Mzee ananunua jenereta ya kukula stima!" Foleni nzima ikaja. Mwanamke mmoja wa upande wa Kenya, mwenye kreti za nyanya, akamwambia Mzee kwa huruma kabisa, "Mzee wangu, hapo umechezwa." Mimi nilitamani ardhi inimeze, koti langu jipya na yote.

Mzee Okiru akaomba soketi. Akatoa mfukoni spika ndogo ya redio, akaiunga kwenye mashine, akawasha. Tik, tik, tik. Akazungusha nobu, mlio ukaenda mbio, ukawa mluzi, mluzi ukapanda mpaka mbwa wa pale akaondoka. Yule ofisa akafurahi, akaomba kuzungusha mwenyewe. Alicheza nayo mpaka mwanamke wa nyanya akaanza kunung'unika. Mwishowe akachukua fomu, akakata neno jenereta, akaandika: kinanda, kimoja. Hivyo ndivyo kifaa cha sayansi kilivyoingia Uganda kikiwa ala ya muziki. Jina la Jenereta, hata hivyo, liliganda, na chuoni hakuna aliyewahi kuiita vinginevyo.

Sasa shikeni mambo ya kazi, maana huenda siku moja mkapewa mashine ya zamani kama hiyo na mtu asiyewapenda.

Mashine iliyolala miaka usiichomeke moja kwa moja ukutani. Kapasita zake, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zimesahau kazi, na zikishtuliwa zinapasuka na kunuka kama samaki. Ichomeke kupitia balbu ya nyuzi ya wati sitini, umeme upite kwenye balbu kwanza. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mashine iko salama. Ikiwaka kwa nguvu zote, zima, kuna kitu kimeungana ndani. Balbu hizo sasa ni adimu, kila duka linauza za LED ambazo hapa hazifai kitu. Nendeni kwa wanaolea vifaranga, wao bado wanazo. Nobu ikikwaruza, kabla ya kununua nyingine fungua usafishe migusano yake kwa raba ya shule, ile nyeupe laini. Nimeponya nobu nyingi kwa raba kuliko ninavyoweza kuhesabu.

La tatu nililijua kwa machozi. Mwishoni mwa waya unaobeba pigo lazima pawe na kizibo cha omu hamsini, kidude kidogo kama kidole cha mtoto. Kizibo kinalipokea pigo likifika. Asipokuwepo wa kulipokea, pigo linagonga mwisho, linarudi lilikotoka, na volti pale mwisho zinakuwa mara mbili ya ulizopanga. Mwaka wangu wa pili nilisahau kizibo, nikachoma chipu zote za elektroniki za mtihani wa vitendo asubuhi ya mtihani. Mzee Okiru hakunifukuza. Alinipa sahani ya chipu zilizokufa na kusema, "Hizi ni zako. Zipange dirishani kwako." Zilikaa dirishani mpaka nilipoolewa.

Lakini hilo pigo linalorudi lina faida yake. Chukua waya mrefu uliofukiwa ardhini, uliokatika mahali usipopajua. Ingiza pigo upande mmoja. Litakimbia mpaka penye jeraha, litagonga, litarudi, na kwenye skopu utaona mapigo mawili: la kwanza uliloliingiza, la pili lililorudi. Pima muda kati yao, zidisha kwa mwendo wa umeme ndani ya waya, unapata umbali. Kisha, na hapa Mzee Okiru aligonga meza mpaka vikombe vikaruka, gawa kwa mbili! Kwa sababu pigo limekwenda na limerudi. Wewe unataka kwenda tu.

"Gawa kwa mbili!" Alilisema hilo kwa hasira isiyo na sababu. Mengine aliyafundisha kwa mzaha, lakini hilo alilisema kana kwamba mtu amemtukana mama yake. Nilidhani ndivyo wakubwa walivyo. Alipofariki nikawa mkubwa mimi, nikarithi bisibisi na ile hasira, nikaigonga meza ile ile.

Twende Paya. Ilikuwa muhula wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, yaani juzijuzi tu. Chuo kilikuwa kimepata kifaa kipya cha kupimia, chepesi, chenye kioo cha rangi, na tangu kifike kilikuwa kimefungiwa kabatini kikisubiri neno la siri ambalo mkuu wa idara alikuwa amekwenda nalo Kampala. Jenereta ilikuwa imeandikwa kwenye orodha ya vitu vya kutupwa. Nami nilihisi niko kwenye orodha hiyo hiyo, mstari wa chini yake.

Alhamisi akanipigia simu Nyafwono, mkuu wa shule ya bweni ya wasichana huko Paya, tuliyesoma naye zamani. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Athieno, maji imekwisha. Pampu iko sawa, stima iko sawa, lakini haifiki. Waya imekatika chini, sijui wapi. Jumatatu kama hakuna maji, narudisha watoto wote nyumbani. Hata wa mtihani."

Mtihani wa taifa ulikuwa majuma mawili mbele. Wasichana walikuwa wanabeba madumu kutoka kinamasini mara tatu kwa siku, wanaingia darasani wamelowa na wamechoka, na wengine mkuu alijua wakirudishwa nyumbani hawatarudi tena, kwa kuwa huko kulikuwa na mipango mingine juu yao. Waya wa pampu ulikuwa wa mita mia nane, umefukiwa toka nyumba ya swichi, ukapita ukingo wa uwanja, ukafuata njia kati ya mashamba mpaka kwenye chemchemi. Kuuchimba wote kwa majembe ni kazi ya mwezi.

Nikasema nakuja. Niliwachukua wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho, mmoja wao Nafula, msichana mkimya anayeandika kila kitu. Wandera, ambaye siku hizi amehamia Tororo na ana pikipiki na mgongo mbovu, akanipakia katikati, na Jenereta akaibeba nyuma kwa mara ya pili maishani mwake. "Hii kitu bado inaishi?" akauliza. Nikamwambia inaishi kuliko sisi.

Jumamosi asubuhi tulizima swichi kuu, tukaifunga kwa kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni mwangu mwenyewe, jambo ambalo nawaomba mlifanye hata kama hamtafanya mengine yote. Tukautenganisha waya na pampu huko mwisho. Mkuu wa shule, walimu, na nusu ya wasichana wakasimama dirishani mwa nyumba ya swichi. Nami, Mungu anisamehe, nilipenda kutazamwa. Nikaiwasha Jenereta. Nikapanua pigo, maana katika waya mrefu pigo jembamba hufia njiani. Kwenye kioo likatokea pigo la kwanza, na baada yake, dogo, limechoka, lakini lipo, pigo la pili. Mikrosekunde nne kati yao.

Ningeweza kufanya kama Mzee Okiru alivyonifundisha: kuchukua roli ya waya kama ule ule, yenye urefu ninaoujua, niupime kwanza, nilinganishe. Roli ilikuwepo stoo. Niliona ni kama kupoteza muda mbele ya watu. Katika waya kama ule pigo hukimbia karibu mita mia moja na sabini kwa mikrosekunde, hiyo naijua usingizini. Mara nne. Nikasema kwa sauti, ili hata walio nyuma wasikie, "Mita mia sita na themanini. Chimbeni hapo."

Nafula alinitazama, akaangalia daftari lake, akanitazama tena. Nikamwambia ashike utepe.

Mita mia sita na themanini ilituangusha katikati ya karanga za Mama Akongo. Tulimwomba ruhusa, akatoa, akaleta kigoda akaketi. Vijana wakachimba mpaka wakaufikia waya. Ulikuwa mzima, unang'aa. Nikasema labda utepe umekosea kidogo, wachimbe upande huu. Mzima. Wachimbe upande ule. Mzima. Shimo likawa refu kama mtu na pana kama mtu.

"Nyinyi nazika nani hapa?" Mama Akongo akauliza.

"Tunatafuta waya, mama. Umekufa mahali."

"Pole kwa waya," akasema. "Lakini karanga yangu ilikuwa mzima." Akacheka mpaka akashika mbavu, na walimu, ambao walikuwa wamejizuia kwa adabu, wakashindwa.

Jua likaanza kuteremka. Nilipima tena, mikrosekunde nne. Nilishuku skopu, nilishuku waya, nilishuku Jenereta na kuikumbuka ile orodha ya vitu vya kutupwa. Mkuu wa shule hakunilaumu, alisema tu, "Basi kesho nawaandikia wazazi." Nilisikia aibu ambayo sikuisikia hata siku ya chipu, kwa sababu chipu hazina mtihani wa kufanya. Nikaenda nje kwa Wandera, nikamwambia anirudishe mjini, vijana watakuja na mashine kesho.

"Boda, ama boda-boda?"

"Boda tu. Mimi hapa sirudi tena."

"Hapana, Madam. Wewe nakuja asubuhi na mimi, sasa nakwenda na mimi. Hiyo ni boda-boda. Njia ni moja, lakini mimi nahesabu mbili."

Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari juu ya pikipiki. Nilikaa hivyo, nusu juu nusu chini, mpaka Wandera akaniuliza kama nina kichefuchefu.

Njia ni moja, yeye anahesabu mbili. Kwenda na kurudi. Mia sita na themanini ni kwenda na kurudi! Miaka thelathini nimegonga meza nikiwapigia kelele watoto wa watu wagawe kwa mbili, na siku ya watu kuniangalia nimesahau kugawa.

Nilirudi ndani nikitembea polepole, maana nilikuwa natafuta uongo wa kusema. Ningeweza kusema mashine imepata joto na sasa inasoma vizuri. Watu wangeamini, sanduku la zamani haliwezi kujitetea. Lakini Nafula alikuwa amekaa kwenye ngazi na daftari lake wazi, na kwenye ukurasa, kwa kalamu, toka asubuhi, alikuwa ameandika: mita 340.

"Ulikuwa nayo," nikasema.

"Ndiyo, Madam."

"Kwa nini hukusema?"

Akainamisha kichwa. "Madam, wewe ndiye unatupigia kelele juu ya hiyo mbili. Nilifikiri kuna kitu mimi sijui."

Nawaambia ninyi wadogo: hapo nilitaka kulia. Msichana alikuwa na jibu mkononi siku nzima, na kilichomfunga mdomo ni kile kile nilichodhani ni ufundishaji.

Nikawaita wote, mkuu wa shule, walimu, wasichana, nikasema kwa sauti ile ile ya asubuhi: "Nimekosea. Nilisahau kugawa kwa mbili. Nafula hakusahau. Nafula, twende."

Mita mia tatu na arobaini ilituleta ukingoni mwa uwanja wa michezo, mguuni pa nguzo mpya ya netiboli. Nguzo safi, imepakwa rangi nyeupe, imesimikwa kwa saruji. Mwalimu wa michezo akatazama nguzo, akatazama waya, akaanza kurudi nyuma taratibu. Alikuwa ameisimika Jumamosi iliyotangulia, pampu ikiwa imezimwa, na kwa kuwa tangi lilikuwa limejaa, maji yaliendelea kutoka siku kadhaa. Yalipokatika hakuna aliyeikumbuka nguzo. Tulipochimba pembeni tukaukuta waya umekatwa kwa mtaimbo, kila uzi wake umeanza kuota kutu ya kijani. Tuliuunga jua likiwa bado lipo. Maji yalipofika bombani wasichana walipiga yowe nililolisikia mpaka kwenye meno. Jumatatu hakuna aliyerudi nyumbani. Mama Akongo tulimrudishia karanga zake kwa mbegu na kwa mikono ya wanafunzi wangu watatu, na shimo aliomba tusilifukie, akapanda mgomba.

Mwezi mmoja baadaye nikastaafu. Wenzangu wengine walipewa mbuzi. Mimi, kwa kuwa bodi ilikwisha amua itupwe, nilipewa Jenereta, na risala iliyonisifu kwa kutokosea kamwe. Nafula alikuwa nyuma ya ukumbi akijiziba mdomo.

Nyumbani mashine ikaanza kunguruma. Transfoma. Miaka yote nilikuwa nimefungua kila kitu ndani ya sanduku lile isipokuwa transfoma, kwa sababu haikuwahi kunipa sababu. Nikazifungua skrubu zake nne, nikainyanyua. Chini yake, kwenye bati tupu, palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa Mzee Okiru, ule wa kulalia kushoto:

"Leo nimechimba kaburi, hakuna maiti. GAWA KWA MBILI, OKIRU."

Nilisoma mara nyingi. Kwanza nikacheka, halafu nikakasirika kabisa, nikamfokea maiti. Kumbe ile hasira yote ya mezani alikuwa anajigombeza mwenyewe! Angenisimulia tu siku moja, kwa maneno mawili, tukacheka, mimi nisingemrithisha Nafula woga badala ya hesabu. Lakini aliyaandika mahali ambapo angeyaona mtu mmoja tu, na yeye akiwa amekwisha kufa. Halafu nikamlilia kidogo, kwa sababu nilimpenda.

Transfoma nimeikaza, mngurumo umekwisha. Jenereta nimeirudisha chuoni, iko kwenye meza ya Nafula, ambaye sasa ndiye anayeshika ufunguo wa maabara. Kile kipande cha bati nimekitoa chini na kukifunga mbele, juu ya nobu, kila anayekuja akisome kabla ya kuwasha. Chini ya mstari wa Mzee Okiru nimeandika wangu: "Nami pia. Paya, ndani ya karanga. Athieno." Penseli imefungwa hapo kwa uzi, na nafasi iliyobaki inawatosha watu sita, mkiandika kwa herufi ndogo.